Mkweli Aliyeuona Mwezi Usioonekana

Kisa hiki ni cha kufundishia. Watu waliomo tumewaunda kwa kufuata jinsi madai ya aina hii yanavyojitokeza mwishoni mwa Ramadhani. Hawana majina, na msikiti wao hauna jina. Anga yao ndiyo ya kweli. Ni anga ya Nairobi jioni ya Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, na yeyote mwenye programu ya nyota kwenye simu anaweza kuirudia hesabu yake leo. Tumeichagua jioni hiyo kwa sababu siku ile anga ilitoa ushahidi wake mapema, mchana kweupe. Tutafika hapo.

Juu ya paa

Waliokuwa wameanza kufunga tarehe 1 Machi, sambamba na Saudi Arabia, walikuwa wametimiza siku ishirini na tisa. Hiyo ndiyo siku ya kuangalia: mwezi ukiandama, kesho yake ni Idi, usipoandama, mfungo unatimia thelathini.

Mahali ni paa la gorofa saba, Eastleigh. Watu kama ishirini wamepanda baada ya kufungua kwa tende na maji. Jua limetua karibu saa 12:40 jioni. Saa 12:52 muuza vitambaa mmoja, kijana wa miaka thelathini na kitu, ananyoosha mkono: "Ule pale! Kushoto ya tangi la maji!" Jirani yake anaegemea begani kwake, anaufuata mkono kwa jicho, anakaza macho. "Naam. Naam, nimeuona." Mama mmoja aliyekuja na wajukuu anasema ameona kitu cheupe, chembamba. Wengine wanauliza wapi, wapi. Dakika mbili baadaye hakuna kitu tena.

Saa 1:10 usiku sauti ya kijana, ikitetemeka kwa furaha, inazunguka kwenye WhatsApp. Kufikia saa 1:30 imeshageuka maandishi: mwezi umeonekana Nairobi na watu zaidi ya ishirini, akiwamo sheikh. Juu ya paa hakukuwa na sheikh yeyote. Walioona, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa watatu. Hao kumi na saba wengine waliongezewa na kiu ya habari; lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Taarifa inafika kwa wazee watatu wa msikiti wa mtaani. Wa kwanza anasema, "Kijana huyu namjua tangu utoto wake, hasemi uongo." Wa pili ameshafungua simu: "Hesabu inasema haiwezekani. Basi kadanganya." Wanaanza kupandishiana sauti. Ukiwasikiliza vizuri, wanakosea kosa moja. Wote wawili wanadhani swali ni la tabia ya kijana. Mmoja anamtetea ili ushahidi wake usimame, mwingine anauangusha ushahidi na kijana anaanguka nao. Lugha yetu imeshawatenganishia mambo haya: ukweli wa mtu ni kusema kilichomo moyoni mwake, ukweli wa jambo ni kuwa kama lilivyosemwa. Mtu anaweza kuwa mkweli wa kuapiwa na jambo alilolisema lisiwe kweli. Kisa chote kinasimama juu ya nafasi iliyopo kati ya hayo mawili, na makamati mengi ya kuangalia mwezi, kama hii ya wazee watatu, huvunjika kwa kutoiona nafasi hiyo.

Mzee wa tatu, aliyekuwa kimya, ndiye anayesema neno la maana: "Mwiteni. Lakini msimuulize kama aliuona."

Anga ilikuwa inasema nini

Mwezi na jua vilikutana kwenye mstari mmoja siku hiyo saa 7:58 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Hapo ndipo mwezi mpya hutajwa kuwa umezaliwa. Mkutano huo ulikuwa wa karibu kiasi cha kufanya mwezi ulifunike jua kwa sehemu: kupatwa kwa jua kulionekana Ulaya, kaskazini magharibi mwa Afrika, na pande za mashariki za Kanada na Marekani. Kenya hakukuonekana, lakini picha zilienea dunia nzima. Kupatwa huko kulifikia kilele saa 7:47 na kukaisha kabisa saa 9:43 alasiri kwa saa zetu. Yaani yapata masaa matatu kabla ya jua kutua Nairobi, bado kulikuwa na mahali duniani ambapo mtu angeweza kuuona mwezi ukilimega jua.

Jua lilipotua Nairobi, mwezi ulikuwa na umri wa masaa 4 na dakika 42. Ulikuwa umelipita jua kwa takriban digrii 3, na sehemu yake yenye nuru haikufika moja kwa elfu ya uso wake. Ulizama chini ya dakika 10 baada ya jua.

Sasa linganisha na uwezo wa macho. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alionyesha miaka ya 1930 kwamba umbali kati ya jua na mwezi ukiwa chini ya digrii 7 hivi, hilali, yaani uzi mwembamba wa mwezi mchanga, haionekani kabisa. Yeye alidhani ni vivuli vya milima ya mwezi, waliokuja baada yake wakasema sababu kubwa ni kwamba uzi wa nuru unakuwa hafifu kuliko kiwango ambacho jicho linaweza kukitofautisha na mng'ao wa anga. Mwezi mchanga kuliko yote unaokubalika kuwa uliwahi kuonekana kwa macho matupu ulionwa na Stephen James O'Meara, Marekani, Mei 1990, ukiwa na umri wa masaa 15 na dakika 32, na huyo ni mtu mwenye macho ya ajabu aliyejua mahali hasa pa kutazama. Masaa 15 dhidi ya 4.

Nairobi ina shida yake ya ziada ambayo programu za simu haziijui. Programu huchora upeo ulio bapa kama bahari. Eastleigh iko kwenye mita 1,600 na ushei, na ukielekea magharibi ardhi inapanda hadi Kikuyu, mita mia tatu au zaidi ndani ya kilomita ishirini hivi. Pembe yake ni karibu digrii moja. Mwezi wa jioni ile ulikuwa chini ya digrii moja juu ya upeo wa hesabu jua lilipotua, kwa hiyo ulikuwa tayari umefichwa na mwinuko wa ardhi. Ongeza gorofa: jengo linalozidi kimo cha macho yako kwa mita 30, likiwa nusu kilomita mbele yako, linakula zaidi ya digrii 3 za anga. Anayeangalia mwezi Eastleigh anastahili kujua kwamba magharibi yake ni fupi kuliko ya mtu wa Lamu.

Ni muhimu kusema hesabu hii inathibitisha nini, kwa sababu hapa wapenda hesabu huteleza. Haithibitishi kwamba mwezi haukuwapo. Ulikuwapo, hesabu hiyohiyo ndiyo inayosema ulipokuwa. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliipiga picha hilali katika dakika ileile ya kukutana na jua, mchana, ikiwa digrii 4.4 kutoka kwenye jua, kwa kamera inayopokea miali isiyoonekana kwa macho na ubao wenye tundu wa kuzuia jua. Picha ni halali, mwezi ni wa kweli, na hakuna binadamu aliyewahi kuuona mwezi wa namna hiyo kwa macho yake. Kuwapo ni jambo moja, kuonekana ni jingine. Hadithi ya Mtume, "fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona", kwa jinsi mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) wengi walivyoifahamu, imeufunga mwezi wa ibada na kuonekana, na kuonekana ni jambo linalohitaji vitu vitatu: mwezi, anga na jicho.

Kuhojiwa

Mzee wa tatu aliendesha mahojiano kwa mpango unaostahili kuigwa, kwa hiyo tutautazama kwa karibu.

Kwanza aliwatenganisha mashahidi. Mmoja chumba cha wudhu, mwingine maktaba, mama na wajukuu wake barazani. Simu ziliwekwa mezani. Kila mmoja alipewa karatasi na kalamu kabla ya kuzungumza na yeyote, akaambiwa: "Chora ulichokiona, na chora jua lilikuwa upande gani." Kuchora kwanza kuna faida kubwa. Maneno huiga maneno. Mtu akishasema "hilali" mara tatu, picha iliyomo kichwani inakuwa ya neno badala ya ya anga. Mchoro uliofanyika mapema hauwezi kurekebishwa na mazungumzo.

Swali lake la kwanza lilikuwa "Uliona nini?" Tafadhali lipime swali hili. Kiswahili kina kiambishi ambacho ni mtego kwa mhoji. Ukiuliza "Uliuona mwezi?", hiyo "u" ya katikati imeshaweka mwezi mezani, kinachobaki ni kama macho yako yalikuwa mazuri au la. Ukiuliza "Uliona nini?", hujaweka kitu. Mwaka 1975 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na Guido Zanni waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya gari, kisha wakawauliza kuhusu taa ya mbele iliyovunjika. Walioulizwa kwa namna iliyochukulia kwamba taa hiyo ipo walisema wameiona mara nyingi kuliko walioulizwa kwa namna iliyoacha wazi, na kwenye filamu hakukuwa na taa iliyovunjika. Kwa Kiingereza tofauti hiyo ilikuwa neno moja dogo. Kwetu ni irabu moja.

Kisha akawapeleka paani, mmoja mmoja. "Simama ulipokuwa umesimama, mwanangu. Nyoosha mkono." Mwelekeo ukapimwa kwa dira, na aliyeishika alisogea mbali na reli za chuma na tangi, maana dira ya simu huchanganyikiwa ikiwa karibu na chuma. Kimo kilipimwa kwa ngumi: mkono ukinyooshwa kabisa, ngumi ni karibu digrii 10, vidole vitatu vya kati ni karibu 5, kidole kidogo ni karibu 1. Wakati ulipatikana kwenye rekodi ya simu ya kijana, kwa kuwa alimpigia mkewe papo hapo. Mtu akikadiria wakati kwa kichwa baada ya furaha hukosea kwa dakika nyingi. Simu haina furaha.

Majibu ya muuza vitambaa: mwelekeo digrii 255 za dira (magharibi kamili ni 270), kimo ngumi moja, saa 12:52, kilionekana dakika mbili. Mchoro wake ni hilali iliyosimama wima, kama herufi C, na ncha zake zimeelekea kulia.

Jua lilikuwa limetua digrii 273 hivi, kidogo kaskazini ya magharibi, na mwezi ulikuwa karibu hapohapo. Alichokiona kilikuwa ngumi mbili kushoto na ngumi nzima juu ya mahali pa mwezi, na wakati mwezi wenyewe ulikuwa umeshazama. Lakini kinachotufaa zaidi ni mchoro. Nuru ya mwezi inatoka kwa jua, kwa hiyo mgongo wenye nuru sharti ulielekee jua, na ncha zilipe kisogo. Kwenye mchoro jua lilikuwa kulia na ncha zimeelekea kulia. Hilali ya namna hiyo haijawahi kuwapo mbinguni tangu dunia iumbwe. Isitoshe, hapa kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala chali kama dau, ncha juu, ukiinama kidogo upande mmoja au mwingine kwa msimu. Mwezi uliosimama wima ni wa kwenye minara, kalenda na kadi za Idi. Kijana hakudanganya. Kumbukumbu ilichukua mstari mweupe ikauvisha umbo inaloliona kila siku juu ya kuba.

Jirani yake alichora kitu karibu sawa. Alipoulizwa angekiona wapi kama mkono usingenyooshwa, alifikiri, akasema kwa uaminifu: "Sijui, mzee. Niliangalia alikoniambia." Mama mwenye wajukuu alichora mstari ulionyooka, bila ncha. "Nilisema kitu cheupe. Hao ndio waliosema mwezi." Katika watatu, yeye ndiye shahidi bora, na wengi wangempuuza kwa kuwa maelezo yake hayakuwa na umbo.

Jicho linavyofika hapo

Huwa tunafikiri jicho linaona na akili inapokea. Kwenye mwanga wa machweo mpangilio huo haufanyi kazi hivyo. Kitu hafifu sana hakimpi mtu jibu la ndiyo au la. Kinampa fununu, na akili ndiyo inayoamua fununu ya kiasi gani inatosha kutamka "nimeona". Kizingiti hicho hupanda na kushuka. Mtu asiyetarajia kitu hukiweka juu. Mtu aliyefunga siku ishirini na tisa, mwenye nguo mpya za watoto nyumbani na watu ishirini nyuma yake, hukiweka chini sana bila kujua kwamba amekigusa. Katika majaribio makubwa ya kuangalia hilali Amerika Kaskazini, yaliyochapishwa na LeRoy Doggett na Bradley Schaefer mwaka 1994, kosa la kudhani umeona lilifika karibu asilimia 15. Hao walikuwa watu waliojitolea, wasio na Idi ya kungojea.

Anga tupu ina mtego wake. Jicho lisipokuwa na kitu cha kushika, lenzi yake haibaki kwenye umbali; inarudi na kutulia kwenye mita moja au mbili. Ukikodolea anga kwa dakika tano unaangalia mbali kwa jicho lililorekebishwa kwa karibu, na kilicho hafifu hakionekani hata kama kipo, huku vijinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho lenyewe vikijitokeza vizuri. Dawa yake ni rahisi: kila baada ya sekunde chache tazama ukingo wa jengo la mbali au mlingoti wa simu, halafu rudi angani. Aliyelitazama jua dakika chache kabla halijatua, naye hubaki na doa linalotembea na macho yake. Jaribio la haraka ni kusogeza macho: kinachosogea nawe kimo ndani yako. Funika jicho moja, kisha jingine.

Kuna kisa cha kale ambacho wanafunzi wa fiqhi wanakijua, nacho ni uchambuzi kamili kwa mistari minne. Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, amekuwa mzee sana. Watu wanaangalia hilali, hakuna anayeiona, yeye anasema, "Ile pale," na anaelekeza kidole. Iyas bin Muawiya, aliyepata kuwa kadhi wa Basra, anamtazama usoni, anaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho. Anaulainisha kwa kidole, anauliza tena: sasa iko wapi, ewe Abu Hamza? "Siioni." Iyas hakumwita sahaba mwongo, wala hakumkubalia kwa heshima. Aliutafuta unywele.

Wa muuza vitambaa ulikuwa nini? Tunaweza kukisia vizuri. Kitu kilichoko kilomita 11 au 12 juu bado kinapigwa na jua kwa yapata dakika 13 au 14 baada ya jua kutua kwa mtu wa chini, kwa sababu kutoka kule juu upeo uko mbali zaidi. Saa 12:52 ni dakika 12. Kipande cha wingu jembamba la juu, au mkia wa ndege uliokatika, kingekuwa cheupe na kuwaka kwenye anga iliyoanza kufifia, halafu kivuli cha dunia kikipande juu yake kizimike ndani ya dakika moja mbili. Ndivyo alivyoeleza kupotea kwake. Lakini tunasisitiza kwamba kamati haikuhitaji kujua ni nini. Kumwambia shahidi "tuambie basi kilikuwa nini" ni kumtwika mzigo usio wake, na ndiyo njia ya haraka ya kumfanya ashikilie mwezi wake mpaka kufa.

Wengi walikuwa wangapi

Penye wengi hapaharibiki neno, tunasema, na kwenye ushahidi methali hii ina sharti: kila mmoja awe amekuja na macho yake. Watu ishirini wakitazama kwa kufuata mkono mmoja ni shahidi mmoja mwenye mikia kumi na tisa. Mwaka 1877 Mwitaliano Giovanni Schiaparelli aliandika kuwa ameona mistari juu ya sayari ya Mars. Baadaye Mmarekani Percival Lowell na wengine wakachora mifereji kwa mamia. Mwaka 1903 Mwingereza Edward Maunder aliwapa wavulana wa shule moja ya Greenwich wachore duara lenye madoa madogo lililowekwa mbali. Kadhaa walichora mistari. Haikuwapo. Wachunguzi wa Mars walikuwa wamekubaliana kwa sababu kila aliyekuja alishajua atafute nini.

Kwa hiyo paani mpango ni huu. Watu wasimame mbalimbali, angalau hatua kumi. Anayeona asipige kelele, asinyooshe mkono. Aandike saa, aelekeze dira, apime ngumi, achore, ndipo ainue mkono kuita mwandishi wa kamati. Baada ya karatasi tatu kukusanywa ndipo watu wakusanyike na kushangilia. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (inayokuza mara 7 au 10, lenzi za milimita 50) inafaa sana kuutafuta mwezi, lakini isiguswe kabla jua halijazama lote. Sekunde moja ya jua ndani ya darubini inaweza kuharibu jicho milele. Makosa hutokea zaidi kwenye kelele. Mtu mmoja akishapaza sauti, jioni nzima imeshaharibika kama chanzo cha ushahidi, hata kama mwezi upo kweli.

Uamuzi, na kwa nini Idi zilikuwa mbili

Wazee waliandika hivi: shahidi ni mwaminifu, alichokiona hakikuwa hilali. Sentensi moja, pande mbili, na kijana akasomewa yote mbele ya watu kabla haijatangazwa popote. Mzee wa kwanza alipinga kidogo kwamba ushahidi wa Mwislamu hauvunjwi kwa simu. Alijibiwa kwa Taqi al-Din al-Subki, fakihi wa madhehebu yaleyale ya Shafi yaliyoenea pwani yetu, aliyefariki mwaka 1355: hesabu ikionyesha kwa yakini kwamba kuonekana hakuwezekani, ushahidi wa mmoja au wawili hukataliwa, kwa kuwa kuona kwa mtu kuna uwezekano wa kukosea na hesabu hiyo haina. Wapo wanazuoni waliompinga, na mjadala ni wa haki. Lakini hata bila al-Subki, mchoro wenye ncha zinazolielekea jua ulitosha.

Usiku huohuo Saudi Arabia ilitangaza Idi kuwa Jumapili tarehe 30. Serikali ya Kenya ilikuwa na Jumatatu tarehe 31 kama sikukuu ya umma. Ndani ya Nairobi familia moja ikaswali siku mbili tofauti, na swali likaja tena mezani: kwani ukweli ni mmoja au ni miwili?

Hapa tunaona watu wengi wenye akili nzuri wakivuruga. Mahali ulipo mwezi ni pamoja tu, haijalishi nani anatazama. Kuonekana kwake kunategemea ulipo: mwezi mmoja unaweza kuonekana Chile na usionekane Kenya, na wote wawili wamesema kweli. Siku ya Idi ni jambo la tatu, ni uamuzi wa wenye mamlaka juu ya kanuni ipi ifuatwe. Sahih Muslim, mkusanyo wa hadithi, ina habari ya Kuraib, aliyeuona mwezi Sham (upande wa Syria) usiku wa kuamkia Ijumaa, akarudi Madina akakuta wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Alimuuliza sahaba Ibn Abbas: hutosheki na kuona kwa Muawiya, mtawala wa Sham? Akajibu hapana, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Hakuna aliyemwambia mwenzake mwongo. Anayefuata tangazo la Makka na anayengoja Kadhi Mkuu wanatofautiana juu ya kanuni, na kanuni hujadiliwa kwa hoja za kanuni. Kumtumia muuza vitambaa wa Eastleigh kama silaha kwenye mjadala huo ni kumwonea.

Jioni ya pili

Jumapili tarehe 30 mwezi ulikuwa na umri wa masaa 28 na dakika 42, digrii 17 hivi kutoka kwenye jua, takriban asilimia 2 ya uso wake ikiwa na nuru, na ungekaa zaidi ya dakika 45 baada ya jua. Mwanaastronomia Bernard Yallop alionyesha mwaka 1997 kwamba wakati mzuri wa kutazama hupatikana ukigawa muda huo mara tisa na kungoja sehemu nne. Kwa jioni hiyo, dakika ishirini na kitu baada ya jua kutua. Mwisho wa Machi ni mlango wa masika na magharibi ya Nairobi hufunga mawingu mara nyingi. Kama mawingu yangefunga, kamati ingeandika "anga haikuwa wazi", kamwe isingeandika "mwezi haukuonekana" peke yake, maana maneno hayo mawili hayana uzito mmoja.

Katika kisa chetu mawingu yalipasuka kwa robo saa. Muuza vitambaa alikuwa amerudi paani, safari hii na karatasi, dira na saa, hatua kumi kutoka kwa jirani yake. Saa 1:04 usiku aliinua mkono bila kusema neno. Karatasi yake ilikuwa na hilali iliyolala, ncha juu, tumbo la nuru limeelekea chini na kushoto kidogo, upande jua lilikozamia. Mzee wa tatu aliitoa karatasi ya jana kwenye faili, akaiweka kando yake chini ya taa ya ngazi. Kijana alizitazama zote mbili kwa muda.

"Wa jana niliuchora kutoka wapi, mzee?" aliuliza.

"Tazama juu ya mnara wetu," alisema mzee.